Mlenda Una Aibu Gani?

Ndugu msomaji, na wewe bibi mwenye nyumba ambaye huenda unasomewa maneno haya huku ukikuna nazi, nina swali moja, na jawabu lake ujijibu mwenyewe moyoni. Mgeni wa heshima akipiga hodi kwako adhuhuri bila ya khabari, na siku hiyo umepika mlenda, au mgagani, au mchunga, utampakulia? Au utakifunika chungu upesi, umtume mtoto apite mlango wa uani akalete kuku wa kizungu na soda, mgeni asije akajua kuwa nyumba hii hula majani?

Najua jawabu la nyumba nyingi. Nimekaa katika mabaraza ya pwani miaka mingi, na vyungu vikifunikwa nimeviona. Nami nasema kwamba aibu hiyo haina msingi katika dini, haina msingi katika mila ya wazee wetu, na katika akili ndiyo kabisa haina. Ni kibri kilichovaa kanzu ya ustaarabu, na hasara yake huwafika wanetu kabla ya kutufika sisi.

Nakuandikia kutoka Mandewa, kata ya Manispaa ya Singida, mahali ilipojengwa hospitali ya rufaa ya mkoa. Mimi kwa malezi ni mtu wa pwani, vyuo nilivyosomea ni vya huko, na huku nasomesha watoto wa wenyeji. Nchi hii si kama yenu. Haina vuli na masika mbalimbali. Ina msimu mmoja tu wa mvua, tangu kiasi cha Novemba au Disemba hadi Aprili, na mvua ya mwaka mzima aghlabu ni milimita 500 hadi 800. Kisha ni upepo na vumbi baina ya majabali mpaka mwaka urudi. Maziwa yapo mawili hapa mjini, Singidani na Kindai, lakini maji yake ni ya chumvi. Mtu wa Unguja aliyezoea kuona mche ukiota hata katika ufa wa ukuta hufika huku mwezi wa Septemba akashika kichwa, akauliza: watu hawa wanakula nini?

Wanakula, tena kwa elimu. Mvua zikishuka, mlenda huota wenyewe kondeni, baina ya mistari ya mtama na alizeti. Mgagani hupenda penye samadi, karibu na zizi. Mama anapopalilia hatupi kila anachong'oa. Jicho lake linachagua, hili la kutupwa, hili la chungu. Wa leo hupikwa leo. Unaosalia huanikwa, ukikauka hutwangwa ukawa unga, ukahifadhiwa, na katika kiangazi cha Oktoba ambapo hakuna jani bichi, mboga imo ndani. Hutiwa karanga zilizotwangwa, na ugali wa mtama au wa uwele hushuka kooni bila ya kusukumwa. Watu waliotafuta njia ya kula mboga miezi 12 katika nchi ambayo mvua yake haizidi miezi sita, hao ndio tunaowaita washamba! Na sisi ambao mchicha ukipanda bei sokoni siku tatu tunalalamika kama waliofiwa, ndio tunaojiita wastaarabu.

Wageni wetu kutoka pwani, wafanyabiashara na watumishi wanaohamishiwa huku, nawasikia wakisema, "Watu wa huku wanakula majani." Neno majani wanalitamka kama mtu anayetema mbegu. Namuuliza mwenye kusema hivyo: kisamvu ni nini? Si majani ya mhogo? Na tembele si majani ya viazi? Ukiyatwanga, ukayatia tui na bamia yanakuwa chakula cha waungwana, lakini ya mwenzako yakipikwa kwa karanga yanakuwa malisho ya mbuzi. Tena mhogo wenyewe ni mgeni. Asili yake ni Marekani ya Kusini, ukaletwa Afrika na Wareno. Mlenda haukuletwa na jahazi wala meli ya mtu. Kwa hiyo mgeni amepewa kiti, na mwenye nyumba anasimamishwa mlangoni.

Au chukua furu, tunda dogo jeusi, tamu, lenye kokwa ngumu. Huku msimu wake ukifika akina mama hulipanga kwa vikopo kando ya njia, na watoto wanaotoka chuoni huja kwangu na vidole vyeusi. Mgeni mmoja wa kutoka bandarini aliniuliza kwa kicheko, "Shehe, na wewe unakula tunda la ngedere?" Nikamwambia kwamba wazee wake huko pwani hulijua, hulita fuu, na mti wake mfuu. Na wataalamu wa mimea, walipoupa mti wa aina hii jina lao la kitaalamu, waliuita Vitex mombassae. Yaani, ewe mwana wa Mombasa, tunda unalolicheka lina jina la mji wako, nawe hulijui! Wajukuu wa watu walioupa mti jina wamefika mahali pa kuuliza kama matunda yake ni ya binadamu.

Kunazi nayo ni vivyo hivyo, na hapa ndipo ninaposhangaa zaidi. Hapana nyumba ya Kiislamu pwani isiyoujua mkunazi. Maiti wetu tunamwosha kwa maji na majani yake, kwa kufuata mafunzo ya Mtume (S.A.W.). Sidr iliyotajwa katika Sura ya Waaqia kuwa ni katika neema za watu wa kuliani, mikunazi isiyo na miiba, ni jamaa ya mti huu huu. Na mti uliotajwa katika Sura ya Najm, ule wa mwisho, wazee wetu waliotufasiria walisema ni mkunazi. Basi mti tunauheshimu, majani yake tunayatafuta usiku wa manane tukifiwa, lakini tunda lake likiletwa mezani tunasema ni la watoto wa mitaani. Tumeuweka mkunazi kuwa mti wa mauti peke yake.

Huenda utaniambia, "Shehe, haya ni mambo ya tumbo na desturi, dini haimo." Imo.

Jabir bin Abdillah (R.A.) amepokea, na khabari yake imo katika Bukhari, kwamba walikuwa pamoja na Mtume (S.A.W.) mahali paitwapo Marr al-Dhahran, karibu na Makka, wakichuma matunda ya mti wa araka. Mti huo ndio mswaki tunaousugulia meno, na katika nchi kame za Tanzania unaota. Mtume akawaelekeza wachague yaliyo meusi kwa kuwa ndiyo mazuri zaidi. Masahaba wakashangaa, wakamwuliza kama alipata kuchunga mifugo, maana ajuaye tofauti ya tunda la porini lililoiva na lisiloiva si mtu wa kukaa barazani, ni mtu aliyekwenda nyuma ya mbuzi. Naye hakuona haya. Akawajibu kuwa hapana Nabii ambaye hakuchunga. Zingatia basi: kiumbe bora anachuma tunda la porini mbele ya watu, anajua lipi tamu, anawafundisha wenzake, na elimu hiyo anaitaja pamoja na Manabii. Wewe unamkanya mwanao asionekane akila furu njiani, kwa kuwa jirani atasema nini?

Na Anas (R.A.) ameeleza juu ya fundi wa kushona aliyemwalika Mtume chakulani. Fundi yule hakukimbia kukopa. Alimwekea alichokuwa nacho: mkate wa shayiri na mchuzi wenye mumunye na nyama ya kukauka. Anas akamwona Mtume akiyafuata yale mamumunye pembeni mwa sahani, na tangu siku ile yeye Anas akalipenda mumunye. Mumunye, ndugu zangu! Hii leo nyumba ngapi za pwani zitaweka mumunye mbele ya mgeni? Katika harusi huthubutu hata kulitaja.

Haya, pengine kweli mlenda huupendi, ule utelezi wake unakukataa. Hapo sina ugomvi nawe. Mtume (S.A.W.) aliwekewa nyama ya dhabb, yule mjusi wa jangwani, akauzuia mkono wake, akaeleza kuwa mnyama huyo hakuwamo katika nchi ya watu wake na nafsi yake haimtaki. Lakini hakumharamisha, wala hakuwakejeli waliomla, na Khalid bin Walid (R.A.) akamvuta mbele yake akamla naye Mtume akitazama. Na imethibiti kwamba hakupata kukitia chakula ila: akikitamani hula, asipokitamani huacha. Huo ndio mpaka. Kutokula ni haki yako. Kukunja pua, kucheka, kuwaambia watoto kuwa hiki ni cha maskini na kile ni cha wenyewe, haki hiyo huna.

Kuna bwana mmoja aliyesoma kidogo akadhani ameniweza. Alinitajia Bani Israili katika Sura ya Baqara, pale walipomwomba Musa (A.S.) mboga na matango na adesi na vitunguu, wakalaumiwa kwa kubadilisha kilicho bora kwa kilicho duni. "Unaona," akasema, "mboga ni duni." Subhanallah! Hao hawakulaumiwa kwa kuwa adesi ni kitu kibaya. Walikuwa na riziki mbele yao iliyoshuka bila ya jasho, wakaichoka, wakatamani kilicho mbali. Sasa pima mwenyewe ni nani anayefanana nao: mama wa Mandewa anayekula mlenda ulioota mlangoni pake bila ya kupandwa, au mtu wa mjini anayeuruka akatamani kilichopanda meli? Aya aliyoileta kunipiga nayo, fimbo yake imemrudia.

Na kwa vilivyopanda meli, nenda langoni mwa hospitali yoyote wakati wa kuwaona wagonjwa. Hata hapa kwetu utawaona watu wamebeba yale matufaha ya ng'ambo, ambayo vijana huyaita maepo, moja moja katika karatasi laini, mengine yamekaa katika baridi miezi kadhaa kabla ya kufika. Si haramu, na tunda ni tunda. Lakini mtu huyo amempita mama aliyekaa chini na mapera yaliyochumwa alfajiri. Amepita papai lililoivia mtini. Anaona haya kuingia wodini na pera, kana kwamba mgonjwa anaponywa na karatasi. Wala hajui kwamba hata jina la tufaha tumelinyang'anya tunda letu. Tufaha la Unguja ni lile jekundu lenye maji na harufu ya waridi, ambalo maua yake huanguka yakatandika ardhi chini ya mti kama busati. Msimu wake ni mfupi. Mtoto wa siku hizi ukimtajia tufaha anafikiri la sanduku la Afrika Kusini.

Tena angalia anavyonunua. Kwa mwenye duka la vioo hulipa bei iliyobandikwa, kimya, na asante juu. Kwa mama wa mlenda huinama akasema, "Mama, punguza. Haya si unachuma bure tu?" Bure! Ameamka saa kumi, ametembea kutoka shamba, ameinama konde nzima, ameanika siku kadhaa akifukuza kuku, ametwanga kwa mikono yake. Unamkata shilingi mia mbili katika fungu la mia tano, ukirudi nyumbani unasimulia ulivyo hodari wa soko. Mimi nasema huo si uhodari. Kupatana bei si haramu, lakini kupatana na mnyonge kwa hoja ya kuwa jasho lake ni bure ni dhulma yenye tabasamu.

Ubuyu nao una kisa chake. Mibuyu imejaa nchi hizi za kati, na unga wake mweupe unaozunguka mbegu una vitamini C kushinda chungwa. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliuruhusu rasmi kuuzwa kwao kama chakula kipya. Kipya! Bibi zetu waliuloweka kwa uji wa watoto zamani kabla ya mtu kuupima. Leo huko Ulaya unauzwa katika vikopo kwa bei kubwa kwa watu wanaojali afya, na sisi tunaukubali kwa sharti moja tu, uchemshwe kwa sukari nyingi na rangi nyekundu inayobakia ulimini hadi magharibi. Sina vita na ubuyu wa Zanzibar. Mwaka hadi mwaka naletewa na ninaula. Lakini mtoto ambaye hajapata kuujua mweupe, mchachu kama ulivyotoka mtini, huyo hajaujua ubuyu, ameijua rangi.

Jambo jingine ni la wauzaji, nisije nikaonekana nawaonea wanunuzi peke yao. Mlanguzi huja embe zikiwa maua, akamlipa mzee mwenye mti fedha kidogo, akaufanya mti mzima kuwa wake. Mtume (S.A.W.) alikataza kuuza matunda mtini kabla ya kudhihirika kuiva kwake. Watu wa Madina walikuwa wakifanya hivyo, likaingia gonjwa katika mitende, wakagombana. Katika madhehebu yetu ya Shafii haijuzu ila kwa sharti ya kuyakata papo hapo, na maua ya embe nani atayakata? Basi mzee mwenye mwembe asihadaike na noti mbili za haraka, na mlanguzi naye asitafute fatwa kwangu. Na huyo anayechuma embe changa ngumu akazivisha kwa dawa ili afike Dar es Salaam kabla ya wenzake, ghushi ni ghushi. Msimu una siku zake. Anayeukimbilia hupata rangi ya embe pasi na embe.

Husemwa pia kwamba hivi ni vyakula vya njaa. Ni kweli kuwa katika miaka mibaya, kama ukame wa 1973 hadi 1975, wengi waliokolewa na vitu vya porini. Lakini tangu lini mwokozi akawa wa kuonewa haya? Jirani akikutoa motoni, humfichi wageni wanapokuja.

Linalonitia khofu hasa ni mabinti. Msichana wa miaka kumi na minne hapa Mandewa, aliyezaliwa na mama anayejua majani kwa majina na kwa wakati wake, sasa hajui kutofautisha mgagani na gugu. Ameambiwa shuleni na mitaani kuwa hayo ni mambo ya vijijini. Ataolewa mjini, labda huko kwenu, atashika mimba, atakwenda kliniki, atapewa vidonge vya kuongeza damu na kuambiwa ale mboga za majani. Vidonge na avimeze, asiache hata kimoja, maana daktari ana elimu yake. Lakini zile mboga atazitafuta wapi, ikiwa anazozijua ni tatu tu na zote ni za bei? Mboga iko nyuma ya nyumba inaota, yeye anaikanyaga akienda kuikopa sokoni. Na atakayemfundisha ni nani, bibi yake akishafariki? Elimu ya namna hii haikuandikwa kitabuni. Hukaa mikononi mwa wanawake wazee, na kila tukimzika mmoja, bila ya shaka tunazika na majina ya majani.

Sisemi mtu aingie porini akatie mdomoni kila kinachomeremeta. Yamo majani na matunda yenye sumu, na wako waliokufa kwa uyoga. Muulize mwenyeji, na asiyejua asijifanye anajua. Wala mchicha uliomwagiliwa maji ya mtaro wa mjini siusifu hata ukiwa umenona namna gani. Uliza bustani iko wapi kabla ya kuuliza bei.

Kwa mwenye kutaka kujaribu: mabasi ya Singida yanafika Dar es Salaam kila siku, na unga wa mlenda mkavu ni mwepesi, haupondeki wala hauozi njiani. Mwagize msafiri. Bibi utakayeupika kwa mara ya kwanza, usiutie maji mengi wala usiufunike ukaenda barazani, maana utafurika jikoni na utanilaumu mimi. Chemsha maji kidogo na nyanya, nyunyiza unga kwa mkono mmoja huku mwingine unakoroga, kisha tia karanga zilizotwangwa. Huku kwetu hawatii nazi. Wewe tia tui ukipenda. Nimekwisha jaribu, na wenyeji walionja wakaomba tena.